Mlezi mmoja hatoshi: mwongozo wa kujenga mtandao kwa mwanafunzi Mweusi wa uzamili na uzamivu Marekani

Mwezi Aprili wa mwaka wangu wa pili, msimamizi wangu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia anahamia chuo kingine kabla ya Agosti. Alikuwa mtu mwema na nilimwona habari hiyo inamuuma. Ila nilipotoka mle ndani na kuanza kuhesabu ni nani mwingine katika chuo kile chote anayejua ninachotafiti, sikufika kidole cha pili. Katibu wa idara alijua jina langu. Mzee mmoja Mhaiti aliyefanya usafi ghorofa ya tatu alijua kwamba huwa napitiwa na usingizi kwenye kiti. Basi.

Nilimaliza, kwa kuchelewa mwaka mzima. Haya ninayoandika ni yale niliyojifunza katika mwaka huo na niliyoyafanya na wenzangu baadaye. Nayaandika kwa Mswahili aliyeko Marekani au anayefunga begi kwenda kusoma shahada ya uzamili au uzamivu.

Kwanza, ujue unahesabiwa wapi

Nyumbani ulikuwa Mhaya, Mdigo, Mluhya, mtoto wa mwalimu fulani. Kule unakuwa Mweusi tangu uwanja wa ndege. Darasani, dukani na mbele ya polisi hakuna anayeuliza viza yako kwanza. Lakini kwenye takwimu za serikali, mwanafunzi mwenye viza huwekwa kwenye kapu la wageni, rangi yoyote aliyo nayo. Jambo hili si la kitabuni tu. Misaada mingi iliyotengwa kuinua wanafunzi Weusi, Walatino na wenyeji wa asili, hasa ile ya fedha za serikali kuu, inataka uraia au ukaazi wa kudumu. Mpango wa McNair, unaowaandaa wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa uzamivu, ni hivyo, na hata ufadhili wa rangi zote wa shirika la sayansi la taifa, NSF, kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ni hivyo. Soma masharti kabla hujapoteza wiki mbili kuandika maombi. Mambo mengine, yaani vikundi, warsha, walezi wa kitaaluma na mikutano, mara nyingi hayaulizi pasipoti, na huko ndiko kwenye mali.

Kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila nikisikia vijana wakisema "mimi nasoma tu, mambo ya kujuana siyawezi." Edward Bouchet alipata uzamivu wa fizikia pale Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1876, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata shahada hiyo katika nchi ile, miaka 11 tu baada ya utumwa kukomeshwa. Kichwa alikuwa nacho. Hakuna chuo cha utafiti kilichompa kazi. Alifundisha miaka 26 katika shule ya vijana Weusi Philadelphia. Milango ilifungwa kwa ubaguzi, na nyuma ya milango hiyo hapakuwa na mtu wa kulitaja jina lake. Mwaka 2005 Yale na Chuo Kikuu cha Howard walianzisha jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa uzamivu yenye jina lake.

Hatua ya kwanza: andika mahitaji kabla ya majina

Kosa la kwanza la karibu kila mgeni ni kutafuta mtu mmoja mkubwa atakayekuwa baba, mama, mwalimu na wakili wake. Sisi tumelelewa hivyo: ukishapata mwalimu, umempata. Kerry Ann Rockquemore, mwanasosholojia aliyeanzisha kituo cha kitaifa cha kuendeleza wahadhiri, amekuwa akifundisha kinyume chake. Anataka uchore ramani ya walezi: yaandike kwanza unayohitaji, kisha uweke watu tofauti katika kila hitaji.

Chukua karatasi. Upande wa kushoto andika mahitaji yako ya miezi sita ijayo, kwa maneno ya kawaida kabisa. Mtu wa kunifundisha takwimu. Mtu wa kusoma rasimu mbaya bila kunidharau. Mtu anayejua siri za idara: nani hapatani na nani, mtihani wa kufuzu huulizwa nini hasa. Mtu wa kunieleza fomu za kodi ya mapato za kila Aprili. Mtu wa kunitunzia mtoto saa tatu siku ya Alhamisi. Mtu aliyetoka tulikotoka na ameshapita njia hii. Mtu wa kulisema jina langu kwenye chumba ambamo mimi simo.

Upande wa kulia jaza majina. Usione aibu kwenye mistari mitupu, maana ndiyo kazi yako ya muhula huu. Ukiona jina moja limejirudia mara nne, hapo pana hatari, kwa sababu mtu huyo akihama, akiugua au akikasirika, umebaki na karatasi tupu.

Huyo wa mwisho, wa kulisema jina lako, usimchanganye na mlezi. Mlezi anakushauri wewe, mdhamini anazungumza na wengine juu yako. Mdhamini hapatikani kwa kuombwa. Anapatikana kwa kuiona kazi yako, kwa hiyo kazi yako lazima imfikie machoni.

Hatua ya pili: weka mambo ya msimamizi kwenye maandishi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo malezi yetu mema yanapotugeuka.

Kwetu mwanafunzi hamsumbui profesa. Unasubiri uitwe. Ukiitwa unaitikia ndiyo, ukitoka unaenda kumuuliza mwenzako alimaanisha nini. Kule, ukimya wako unasomwa kwamba mambo ni shwari, au mbaya zaidi, kwamba huna hoja. Nimeona Mmarekani wa mwaka wa kwanza akimwambia profesa wa miaka 60 "sikubaliani nawe, David," na David akafurahi kama aliyepewa zawadi. Mimi ilinichukua mwaka na nusu kumwita yeyote kwa jina la kwanza, na mpaka leo kuna wawili siwezi. Usijilazimishe. Kumwita "Profesa" si dhambi. Lisilofaa ni kunyamaza.

Katika mwezi wa kwanza omba kikao cha nusu saa chenye ajenda moja tu: tutafanyaje kazi pamoja. Uliza tunakutana kila baada ya muda gani. Rasimu anataka kuziona zikiwa mbichi au zimeiva? Huzirudisha baada ya siku ngapi? Kwenye makala ya pamoja jina la nani linatangulia, na linaamuliwa lini? Fedha za kwenda mikutanoni zinatoka wapi? Shule ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Michigan, iitwayo Rackham, ina kijitabu kizima cha kumfundisha mwanafunzi namna ya kuupata ulezi anaoutaka, na si lazima uwe mwanafunzi wao ndipo ukisome.

Jioni ile ile tuma barua pepe. Yangu ilikuwa na umbo hili, nawe uibadilishe utakavyo:

"Profesa, asante kwa kikao cha leo. Nilivyoelewa, tutakutana kila Jumanne ya pili. Sura ya kwanza nitaileta tarehe 15 Oktoba, nawe utanirudishia ndani ya wiki mbili. Fedha za mkutano wa Machi nitaziomba kwanza shule ya uzamili. Kama nimekosea popote, tafadhali nirekebishe."

Sentensi tano. Haina ubishi ndani yake, na siku mambo yakipinda itakuokoa.

Hatua ya tatu: tafuta wakubwa nje ya idara, na uombe kidogo

Usimwendee mtu usiyemjua ukamwambia "naomba uwe mlezi wangu." Ni kama kuposa kituo cha basi. Omba dakika 20 na swali moja lenye mwanzo na mwisho: "Nimesoma makala yako juu ya ardhi Kilombero, sijaelewa ulivyochagua vijiji, je, naweza kukuuliza?" Ukishasaidiwa, mrudishie habari baada ya wiki tatu: nilifanya ulivyosema, matokeo ni haya. Wengi hawarudi. Anayerudi anakumbukwa, na ukirudi mara tatu ulezi umekwishaanza bila yeyote kuutamka.

Sasa jambo ambalo wengi hawaelezwi. Mhadhiri Mweusi katika idara ya kule mara nyingi ni mmoja au wawili. Kila kamati ya mambo ya usawa inamtaka, kila mwanafunzi mwenye machungu analia ofisini kwake, na siku ya kupandishwa cheo wanahesabu makala, hawahesabu machozi. Mwanasaikolojia Amado Padilla aliupa mzigo huu jina mwaka 1994: kodi ya utamaduni. Basi usiende kumtwisha yote kwa sababu tu mnafanana ngozi. Mpelekee lile ambalo yeye peke yake analijua. Takwimu akufundishe yule mzee Mzungu wa ghorofa ya chini ambaye hana mgeni tangu Jumatatu. Mlezi wangu bora wa uandishi alikuwa mama wa Kikorea wa idara ya kilimo, ambaye hajawahi kuniuliza natoka nchi gani. Na si kila Mweusi atakupenda. Wengine wana shida zao, acha wapumue.

Hatua ya nne: unda kundi lenu kama kikoba

Wakubwa ni wa kuonana nao mara moja kwa mwezi. Watakaokufikisha kwenye tasnifu ni wenzako, na kundi la wenzako halisimami kwa upendo. Linasimama kwa siku, saa na chakula. Mama zetu wanaoendesha vikoba wanalijua hili kuliko vitivo vyote vya uongozi.

Anzeni watu watano, mwanzoni msizidi wanane. Msitoke idara moja, maana wa idara moja wanashindania fedha moja. Chagueni siku na saa isiyohamishika. Sisi tulikuwa na Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni tunaandika kimya, simu zote ndani ya kikapu, halafu tunakula. Kila mtu akifika anasema kwa sentensi moja atakachofanya. Saa mbili zikiisha anasema alichofanya, hata kama ni "nimefuta kurasa mbili." Hakuna hotuba. Kila mwezi kuna kijumbe mmoja: yeye ndiye anayeshika chumba, anakumbusha, na anamtafuta aliyekosa mara mbili mfululizo. Kumtafuta huko msikudharau. Mtu anayepotea mwezi Novemba, giza linaingia saa kumi na moja jioni na baridi inauma, huenda hajachoka kuandika tu. Mpigie simu, usimtumie ujumbe. Kila chuo kikubwa kina kituo cha ushauri wa afya ya akili, na wa kwanza kukitaja kwa sauti kundini awe yule anayeonekana ana nguvu kuliko wote, ili wengine wasione haya.

Kuhusu chakula, neno moja la kuwaokoa: ule unga wa mahindi wa Kimeksiko unaouzwa kila duka umepikwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, na ugali wake utawasikitisha. Tafuteni duka la Waafrika au la Wakaribi.

Kwenye WhatsApp fungueni makundi mawili, moja la matangazo na moja la soga, la sivyo tarehe ya mwisho ya ufadhili itafukiwa chini ya picha za harusi. Na wekeni kanuni moja ya kinywa: linalosemwa juu ya msimamizi wa mtu linabaki pale pale.

Mkizidi kumi, jisajilini kama chama cha wanafunzi. Chuo kitawapa chumba bure na, kwa kawaida, fungu dogo kupitia serikali ya wanafunzi wa uzamili. Mfuko wenu wa dharura, ule wa nauli ya msiba na wa kodi ya nyumba posho inapochelewa, uwekeni nje ya akaunti ya chama, kwa makubaliano yenu na daftari lenye saini.

Hatua ya tano: vuka mstari uliochorewa

Wengi wetu tunafika tukiwa tumeshanong'onezwa tujiepushe na Wamarekani Weusi. Na wao wamenong'onezwa kwamba sisi twajiona. Nimeishi na minong'ono yote miwili, na nakwambia ni hasara tupu.

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwafikisha New York vijana 81 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, waliopata nafasi vyuoni kwa juhudi za Tom Mboya. Nauli zilichangwa na Wamarekani, na waliotia saini barua ya kuomba michango hiyo ni Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, Weusi watatu maarufu wa wakati ule. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye alivuka, akaenda kusoma Kansas. Mtandao unaoutafuta una umri mkubwa kuliko wewe, na ulijengwa pamoja nasi.

Kwa hiyo mwezi Septemba, chuo kikifungua, nenda kwenye kikao cha kwanza cha chama cha wanafunzi Weusi wa uzamili. Vyuo vingi vikubwa vinacho, na chama chao cha kitaifa, National Black Graduate Student Association, kilizaliwa Berkeley mwaka 1989. Mara ya kwanza nenda ukasikilize. Wakianza kusimulia wazazi wao walivyonyimwa mkopo wa nyumba, usikimbilie kusema "kwetu hatuna ubaguzi." Mara ya pili bebea watu viti. Wao wanajua namna ya kudai haki ndani ya chuo kile, ujuzi ambao sisi wageni hatuna, kwa vile tumezoea kuogopa barua ya uhamiaji.

Hatua ya sita: toka nje ya chuo

Mwaka wa pili ukifika, chagua mkutano mmoja wa fani yako na mmoja wa watu wako. Wa sayansi wana SACNAS, jumuiya iliyoanza 1973 kwa ajili ya Walatino na wenyeji wa asili na ambayo hupokea wengine pia. Bodi ya elimu ya majimbo ya kusini, SREB, imekuwa ikiandaa kongamano la ufundishaji na ulezi linalokutanisha wanafunzi wengi wa uzamivu wasio Wazungu, kiasi kwamba mtu aliyezoea kuwa peke yake darasani anaweza kulia akiingia ukumbini. Wa mambo ya Afrika wana African Studies Association. Na kama unajilipia masomo kwa kufundisha Kiswahili, kama walivyofanya wengi kabla yako, CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, ni nyumbani.

Wiki mbili kabla, waandikie watu watatu, si kumi, ukiomba chai ya dakika 15. Ukirudi, waandikie ndani ya wiki, ukitaja jambo moja mlilozungumza. Fedha ziombe sehemu tatu kwa pamoja: idara, shule ya uzamili na mkutano wenyewe. Ila jihadhari na utaratibu wa kulipa kwanza halafu kurudishiwa. Nauli na hoteli zinaweza kukaa mwezi mzima kwenye kadi yako. Muulize katibu wa idara kama wanaweza kulipa moja kwa moja. Mara nyingi wanaweza, wanasubiri kuulizwa.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, ana la ziada. Kazi ya ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na malipo yoyote, hata bahasha ya shukrani kwa kutoa mada, yaulizie ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujayapokea. Usiniulize mimi, wala usimuulize binamu yako wa Houston.

Hatua ya saba: usijenge juu ya ofisi

Zamani ningekushauri uanzie ofisi ya wanafunzi wa jamii ndogo. Leo nasema nenda, ila usiegemee. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kuzingatia rangi katika kudahili. Januari 2024 sheria ya Texas ya kupiga marufuku ofisi za usawa katika vyuo vya umma ilianza kazi, na vyuo hivyo vikazifunga. Machi 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kuchunguza vyuo 45 kwa sababu ya ushirikiano wao na PhD Project, shirika lililoanzishwa 1994 kuwasaidia Weusi, Walatino na wenyeji wa asili kupata uzamivu wa fani za biashara.

Kwa kundi lenu hili lina maana tatu. Katiba ya chama iseme wazi kwamba milango iko wazi kwa yeyote. Orodha ya anwani, kumbukumbu na mifano ya maombi yaliyofaulu iwe na nakala nje ya mitambo ya chuo. Na mtu aliyekuwa akiwasaidia katika ofisi iliyofungwa bado yupo mahali fulani, mtafuteni. Ofisi ikifungwa watu hawafi.

Ulezi ukiharibika

Kubadilisha msimamizi kunawezekana na hutokea kuliko inavyosemwa. Utaratibu ndio wa kuangalia. Kwanza soma kanuni za idara na barua yako ya ufadhili: posho imefungwa kwa mtu au kwa idara? Pili, zungumza kwa utulivu na anayeweza kukupokea. Tatu, nenda kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili. Kama kuna unyanyasaji, vyuo vingi vikubwa vina msuluhishi asiyeegemea upande. Muulize mwanzoni kabisa siri yake inaishia wapi. Mwenye viza azungumze pia na ofisi ya wageni kabla posho haijakatika. Na unapoondoka, usimseme vibaya wa zamani. Sema "utafiti wangu umeelekea kwingine." Fani ni ndogo, siku moja atakaa kwenye jopo la kusoma maombi yako.

Kukabidhi

Vikundi vingi hufa siku mwanzilishi anapovaa joho. Dawa yake ni kuwa na naibu tangu mwaka wa kwanza, awe mtu wa chini yako kwa miaka miwili, na faili fupi: nani wa kumwomba chumba, fedha huombwa lini, nani anasoma rasimu vizuri, nani tusimsumbue tena.

Niliyemkabidhi mimi alikuwa dada wa Kisumu, mwaka wa pili, idara ya uhandisi. Nilimpa kurasa mbili na ufunguo wa kabati. Akahesabu sahani, akaniuliza sufuria kubwa ni ya nani. Nikamwambia si yetu, ni ya yule mzee Mhaiti wa ghorofa ya tatu, na irudi kwake kabla hajastaafu Desemba.